Waraka wa Mgombea wa Miaka 23: Abraham Lincoln na Uchaguzi wa Illinois wa 1832

Tarehe 15 Machi 1832, gazeti la Sangamo Journal, lililokuwa likipigwa chapa katika mji mdogo wa Springfield, jimbo la Illinois nchini Marekani, lilitoa waraka mrefu wa kijana mmoja aliyekuwa karani wa duka katika kijiji cha New Salem, akiwaarifu raia wa wilaya ya Sangamon kwamba aliomba kura zao ili awe mmoja wa wajumbe wao katika baraza la kutunga sheria la jimbo. Kijana huyo alikuwa Abraham Lincoln. Umri wake ulikuwa miaka 23. Hakuwa na shamba, hakuwa na mke, hakuwa na cheti cha skuli yoyote, na miongoni mwa watu aliowaomba wamtume alikuwa amekaa kiasi cha miezi minane tu.

Walimwengu humjua Lincoln kwa mambo makubwa ya baadaye: urais wake uliodumu tangu 1861 hata alipouawa mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoipasua nchi yake, na tangazo la 1863 la kuwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Utukufu huo umekitia kivulini kisa cha kura yake ya kwanza, na hali kisa hicho kina faida kwa kila raia ambaye mlangoni pake hupita wagombea, kwa sababu chaonyesha bayana mambo ambayo mtu anayeomba kutumwa na wenzake anawiwa kuwaambia: ametoka wapi, ameona nini kwa macho yake, anataka kufanya nini, jambo hilo litagharimu kiasi gani, na atafanya nini akitambua kuwa amekosea. Waraka wa 1832 uliyajibu maswali hayo matano, na maisha ya mwandishi wake baadaye yalithibitisha, kwa mema na kwa mabaya, kwamba hayo ndiyo maswali yaliyostahili kuulizwa.

Jimbo na baraza lake

Jimbo katika Marekani ni dola iliyo ndani ya shirikisho. Lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake, na baraza lake la kutunga sheria, aghalabu lenye nyumba mbili, na sheria za baraza hilo ndizo zinazomgusa raia katika mambo yake ya kila siku: barabara anayopita, skuli anayosoma mwanawe, riba anayotozwa na mkopeshaji, na hata ng'ombe wa jirani aliyepotea akaingia shambani mwake. Illinois iliingia katika shirikisho mwaka 1818, na ilipofika 1832 ilikuwa bado nchi changa, yenye mbuga pana na misitu ya kandokando ya mito, ambayo wakazi wake waliohesabiwa mwaka 1830 hawakufika 160,000. Makao makuu yalikuwa Vandalia. Wilaya ya Sangamon ilikuwa na haki ya kupeleka wajumbe wanne katika nyumba ya chini ya baraza, na wagombea 13 walijitokeza kuzishindania nafasi hizo.

Haki ya kupiga kura haikuwa ya watu wote, na ni insafu jambo hilo kusemwa mapema. Katiba ya 1818 iliwapa kura wanaume weupe waliotimiza miaka 21 na kukaa jimboni miezi sita. Wanawake hawakuhesabiwa; Waafrika waliokuwa huru hawakuhesabiwa, na juu ya hayo waliwekewa sheria za kuwabana; na wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wakisukumwa ng'ambo ya mto Mississippi. Katika mipaka hiyo finyu, hata hivyo, mwanamume maskini alikuwa na kura sawasawa na tajiri, wala hakuulizwa hati ya shamba kabla ya kuipiga, na hiyo ndiyo njia ambayo karani wa duka aliweza kupita kujaribu bahati yake.

Asili ya mgombea

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky, mwana wa Thomas Lincoln, mkulima aliyejua pia useremala, na Nancy Hanks. Hati za ardhi za Kentucky zilikuwa na mashaka mengi, mtu akinunua shamba leo na kesho akatokea mwingine mwenye madai juu yake; na kwa sababu hiyo hasa, na kwa kiasi fulani kwa sababu ya utumwa uliotawala kule, baba aliihamisha aila yake mwaka 1816 kwenda Indiana, wakajenga maskani mapya katikati ya msitu. Huko, mwaka 1818, Nancy alifariki kwa maradhi yaliyotokana na maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wenye sumu, na mwanawe wakati huo alikuwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata Thomas alimwoa Sarah Bush Johnston, mjane mwenye moyo wa huruma, ambaye alimlea mtoto yule kama wa tumbo lake, akamwachia nafasi ya kusoma katika nyumba ambamo kazi ya shoka na jembe haikuwa na mwisho.

Siku zote alizokaa darasani maishani mwake, lau zingejumlishwa pamoja, zisingetimia mwaka mmoja. Maarifa yake aliyachuma mwenyewe katika vitabu vichache vya kuazima, akavisoma na kuvirudia hata vikakaa kifuani. Mwaka 1828, akiwa na miaka 19, aliteremka mto Mississippi pamoja na kijana mwenzake katika chombo bapa cha mbao kilichopakia mazao, wakafika New Orleans, bandari kubwa ya kusini na soko kuu la watumwa katika nchi ile. Pamba iliyovunwa na watumwa wa majimbo yale ilipelekwa kaskazini kwenye viwanda vya nguo, na sehemu ya nguo hizo ikavuka bahari mpaka Unguja na mrima, ambako wazee wetu waliiita merikani na kuifanya kipimo cha mali. Hivyo wateja wa pwani yetu na kijana yule wa Indiana, pasipo kujuana, waliguswa wote na biashara moja iliyosimama juu ya jasho la watu wasiolipwa.

Mwaka 1830 aila ilihama tena, ikaingia Illinois, na majira ya kuchipua ya 1831 Lincoln na wenzake wawili waliajiriwa na mfanyabiashara Denton Offutt kupeleka shehena New Orleans kwa njia ya mto Sangamon. Walipofika New Salem, chombo chao kilikwama juu ya boma lililokinga maji ya kinu: omo ikaning'inia hewani, tezi ikainama na kuanza kujaa maji, na wanakijiji wakakusanyika ukingoni kutazama. Yasimuliwa kwamba Lincoln aliwaamuru wenzake wateremshe sehemu ya shehena ili uzito usogee mbele, naye akaazima keekee, akatoboa tundu katika sakafu ya omo iliyokuwa nje ya boma. Maji yakatiririka kutoka tezini, yakamwagika kupitia tundu lile, kisha tundu likazibwa na chombo kikateleza kuvuka. Offutt alipendezwa na akili ya kijana huyo, akaamua kufungua duka New Salem na kumweka karani wake. Mwezi wa Julai 1831 Lincoln akarudi kijijini hapo kuishi.

Kijiji kilimpokea kwa kumpima. Alishindana mieleka na Jack Armstrong, kinara wa vijana wakorofi wa kitongoji cha Clary's Grove, na tangu siku hiyo vijana hao wakawa masahibu wake wasiomwacha. Alihudhuria jumuiya ya mijadala ya kijiji. Akasoma kitabu cha sarufi kwa msaada wa Mentor Graham, mwalimu wa skuli, kwa kuwa alitambua kwamba mtu hawezi kusimama mbele ya watu na kueleza maslahi yao kwa lugha asiyoimudu. Ilipofika Machi 1832, duka la Offutt likiwa linaelekea kuanguka, alikuwa tayari kuandika.

Aliyoyaahidi, na aliyoyakataa kuyaahidi

Waraka wake ulikuwa na mambo makuu matatu: njia za usafirishaji, riba, na elimu. La kwanza ndilo alilolieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo lililowaumiza wakulima wa Sangamon kuliko yote. Nchi yao ilikuwa na udongo wenye rutuba isiyo kifani, mahindi yakistawi na nguruwe wakinenepa, lakini soko lilikuwa mbali na barabara zikigeuka tope kila mvua inaponyesha, hata mazao yakakaa pasipo mnunuzi na bidhaa za dukani zikauzwa kwa bei ya kutisha. Wakati huo watu wengi walikuwa wakizungumza juu ya reli ambayo ingetoka mto Illinois, ikapitia mji wa Jacksonville, ikafika Springfield. Lincoln alikiri kwamba hakuna njia iliyo bora kuliko reli, kwa kuwa haizuiwi na maji kupungua, wala kufurika, wala kuganda kwa baridi. Baada ya kukiri hivyo akawakumbusha wasomaji wake jambo ambalo wasifiaji wa reli hupenda kulipita haraka: gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 290,000, na hesabu hiyo ilitosha kuushtua moyo wa mtu yeyote aliyejua jinsi hazina ya nchi ile ilivyokuwa ndogo.

Badala ya reli alipendekeza kuusafisha mto Sangamon wenyewe, na hapa alizungumza kama shahidi. Alieleza kwamba tangu Machi 1831, alipoanza safari ya chombo kile bapa, na baadaye alipokuwa akishughulika na kinu cha New Salem, alikuwa ameuangalia mto kwa makini kuliko watu wengi wa nchi ile, akajua maji yanapanda lini na kushuka lini. Kwa ujuzi huo akakadiria kwamba vyombo vya tani 25 hadi 30 vingeweza kupita walau nusu ya mwaka wa kawaida, endapo magogo yaliyozama yataondolewa. Sehemu ya chini ya mto, karibu na mlango wake, ilijipindapinda mno katika ardhi tambarare, naye akashauri kwamba majani na udongo wa juu yakatwe kwa mstari ulionyooka na mkondo wa zamani uzibwe, ili maji yenyewe, kwa nguvu zake, yajichimbie njia fupi. Gharama kamili hakuitaja, akasema wazi kwamba hana uwezo wa kuikadiria. Alilosema ni kwamba kazi hiyo haizidi ile ya mito mingine iliyokwisha kutengenezwa.

Juu ya riba, alitaka sheria iwekwe ya kuzuia mikopo yenye riba ya kunyonya, ambayo ilikuwa ikiiumiza jamii nzima kwa faida ya watu wachache tu. Hata hivyo, kwa uwazi ambao wengine wameulaumu, alikiri kwamba mtu mwenye dharura kubwa hatakosa hila ya kuipita sheria hiyo. Juu ya elimu maneno yake yalikuwa machache lakini mazito kuliko yote: aliihesabu kuwa jambo kubwa kabisa ambalo watu wanaweza kushughulika nalo pamoja, akatamani kila mtu apate angalau elimu ya kumwezesha kusoma historia ya nchi yake na za nchi nyingine, ili aijue thamani ya taasisi huru, na kusoma Maandiko Matakatifu na vitabu vingine vyenye kuadilisha. Aliyanena hayo mtu aliyeonja njaa ya elimu.

Zilikuwapo sheria nyingine ambazo wapiga kura walizinung'unikia, kama zile za mifugo iliyopotea, za barabara, na za kukamata mali ya mdaiwa. Hapo Lincoln hakutoa ahadi tamu. Alisema sheria hizo zilitungwa na watu wenye akili kumpita yeye, na kwamba asingependa kuzigusa mpaka zishambuliwe na wengine, na hapo angesimama upande ambao kwa maoni yake ungeendeleza haki. Juu ya utumwa waraka ulinyamaza kabisa.

Mwishoni alijieleza nafsi yake. Alitamani kuheshimiwa na wenzake kwa kuistahili heshima hiyo; alizaliwa katika hali duni na bado yumo katika hali hiyo; hana jamaa tajiri wala mashuhuri wa kumpendekeza, na kura zikimkosa, amekwisha kuzoea kuvunjika moyo kiasi kwamba hatahuzunika mno. Na kabla ya hapo aliandika jambo ambalo ni adimu katika kauli za wagombea wa zama zote: kwamba kwa umri wake huenda amekosea katika baadhi ya mambo au katika yote, na kwamba mara atakapoona rai zake si sahihi, atakuwa tayari kuziacha.

Mto unatoa ushahidi wake

Waraka haujakauka wino wakati hoja yake kuu ilipowekwa katika mizani mbele ya watu wote. Mwezi huohuo wa Machi 1832, merikebu ya moshi iitwayo Talisman, iliyoletwa kutoka Cincinnati na mfanyabiashara Vincent Bogue, iliingia mto Sangamon, na Lincoln alikuwa miongoni mwa vijana waliotangulia na mashoka kukata matawi yaliyoinama juu ya maji. Merikebu ilifika karibu na Springfield, na mji ukafurahi kwa karamu na hotuba, watu wakaanza kuhesabu faida ya viwanja vyao. Baada ya siku chache maji yakapungua. Talisman ililazimika kurudi polepole, Lincoln na Rowan Herndon wakiiongoza katika mkondo usio na kina, na ilipofika New Salem ilibidi sehemu ya boma la kinu ibomolewe ndipo ipite. Kwa uongozi huo Lincoln alilipwa dola 40. Lakini wakulima waliokuwa wakitazama walijionea kwamba mto waliotumaini kuufanya bandari ulikuwa na ukaidi kuliko walivyodhani.

Kabla hajapata wasaa wa kuzunguka wilaya kuomba kura, vita vilizuka. Mwezi wa Aprili, Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, aliuvuka Mississippi pamoja na watu wake, wanawake na watoto wakiwamo, kurudi katika nchi waliyonyang'anywa, na gavana wa Illinois akaita askari wa kujitolea. Lincoln alijiandikisha, na wenzake wakamchagua kuwa kapteni. Miaka mingi baadaye alisema hakuna ushindi uliomfurahisha zaidi ya huo. Vita vile viliishia kwa maangamizi ya watu wa Black Hawk, lakini yeye mwenyewe hakukutana na adui katika mapigano, na mwezi Julai alipewa ruhusa huko Wisconsin, farasi wake akaibiwa, akarudi kwa miguu na kwa mtumbwi, akafika nyumbani zikiwa zimesalia kiasi cha wiki mbili kabla ya uchaguzi.

Siku ya kura

Uchaguzi ulifanyika tarehe 6 Agosti 1832. Katika Illinois ya zama hizo hapakuwa na karatasi ya siri wala sanduku. Mpiga kura alisogea mbele ya meza ya makarani, akataja jina lake, kisha akatamka kwa sauti ya kusikika majina ya watu aliowachagua, na karani akaandika mbele ya wote waliokuwapo: mkopeshaji wake, mwenye duka, jirani, na aghalabu mgombea mwenyewe. Kura ya namna hiyo ilikuwa na uzito wake, kwa kuwa kumtaja mtu hadharani ni kumdhamini, na ilikuwa na hatari yake pia, kwa kuwa maskini angeweza kutishwa na tajiri anayemdai.

Kura zilipojumlishwa, Lincoln alikuwa wa nane kati ya wagombea 13, akiwa na kura 657, na viti vilikuwa vinne. Alishindwa. Mmoja wa walioshinda alikuwa Peter Cartwright, mhubiri mashuhuri wa Kimethodisti, ambaye Lincoln angemshinda miaka 14 baadaye katika uchaguzi wa Bunge la Marekani. Lakini ndani ya matokeo hayo kulikuwa na hesabu nyingine: katika kituo cha New Salem, ambako watu 300 hivi walipiga kura, 277 walilitaja jina lake. Wengi wa watu hao walimpenda Andrew Jackson, rais wa wakati huo, na hali Lincoln alimwelekea mpinzani wake Henry Clay. Na miezi michache baadaye kituo kilekile kilimpa Jackson ushindi mkubwa juu ya Clay. Wale waliomwona Lincoln akifungua duka asubuhi na kulipa alichowiwa walivuka mpaka wa siasa ili wamtume. Waliomkataa ni wale ambao hawakupata kumjua, kwa kuwa muda wa kujulishana ulikuwa umekwenda vitani. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hiyo ilikuwa mara ya pekee kushindwa kwa kura za moja kwa moja za wananchi.

Baada ya hapo alishiriki duka na William Berry. Duka likaanguka, likamwachia deni la zaidi ya dola 1,000 ambalo lilimchukua miaka mingi kulimaliza. Akawa mkuu wa posta wa New Salem mwaka 1833, kisha naibu wa mpima ardhi, na kazi hizo mbili zikampeleka katika kila pembe ya wilaya, akibeba barua na mnyororo wa kupimia. Alipogombea tena mwaka 1834, hapakuwa na haja ya waraka mrefu: alipata kura 1,376, akawa wa pili, na mwezi Desemba akaingia barazani Vandalia akiwa amevaa suti iliyonunuliwa kwa fedha za mkopo. Alichaguliwa tena 1836, 1838 na 1840.

Mizani iliyosahauliwa

Sasa tufike mahali ambapo kisa hiki kina uchungu. Tarehe 13 Juni 1836, akiomba kura kwa mara ya tatu, Lincoln aliandika tangazo fupi gazetini, akasema kwamba alitaka mapato ya uuzaji wa ardhi ya serikali kuu yagawiwe majimbo, ili Illinois ichimbe mifereji na kujenga reli pasipo kukopa na kulipa riba. Katika tangazo hilohilo alisema haki ya kura wapewe watu weupe wote wanaolipa kodi au kubeba silaha, wala wanawake wasiachwe nje. Kauli iliyotangulia zama zake kwa wanawake, na iliyofungwa na zama zake kwa watu weusi.

Haikupita hata miezi tisa, na yeye akaunga mkono kinyume cha aliyoyasema juu ya kukopa. Mwezi Februari 1837 baraza lilipitisha sheria ya maendeleo iliyoruhusu zaidi ya dola milioni 10, fedha za mikopo, kwa ajili ya reli kila upande na usafishaji wa mito, na wilaya ambazo hazikupata reli wala mto zikatengewa fungu la dola 200,000 zigawane, ili pasiwe na mjumbe wa kulalamika. Wakati huohuo Lincoln na wenzake wa Sangamon, ambao walikuwa tisa na warefu wa kimo, walifanikiwa kuyahamisha makao makuu ya jimbo kutoka Vandalia kuja Springfield. Mtu aliyeshtushwa na dola 290,000 mwaka 1832 alikuwa sasa mtetezi wa mzigo mkubwa kuliko huo zaidi ya mara 30. Mwaka huohuo wa 1837 msukosuko wa fedha uliikumba Marekani yote; benki zikafunga milango, hati za mkopo zikakosa wanunuzi, na Illinois ikaachwa na vipande vya reli visivyofika popote pamoja na deni lililowaelemea walipa kodi kwa miongo kadhaa. Lincoln, hata mambo yalipoharibika, aliendelea kusita kukubali kwamba mpango uachwe.

Katika mpango huo mzima reli moja tu ilikamilika kiasi cha kutumika, na njia yake ilikuwa ileile ya waraka wa 1832: kutoka mto Illinois, kupitia Jacksonville, hadi Springfield, ambako ilifika mwaka 1842. Jimbo likaiuza mwaka 1847 kwa sehemu ndogo mno ya kilichotumika kuijenga. Basi kijana wa miaka 23 alikosea juu ya mto, ambao haukupata kuwa njia ya merikebu, na alipatia juu ya gharama; na mjumbe wa miaka 28 alipatia kwamba reli ndiyo itakayoshinda, akakosea vibaya juu ya gharama. Kosa la kwanza halikumfilisi mtu. La pili lilililetea jimbo zima fedheha.

Jambo moja la mwaka 1837 lamrudishia heshima. Wajumbe wa nyumba ya chini walipopitisha, kwa kura 77 dhidi ya 6, maazimio ya kuwalaani wapinga utumwa, Lincoln alikuwa mmoja wa wale sita. Na tarehe 3 Machi 1837, yeye na mjumbe mwenzake Dan Stone, wawili peke yao, waliandikisha pingamizi katika kumbukumbu za baraza, wakisema utumwa umesimama juu ya dhuluma na siasa mbovu, ijapokuwa waliongeza kwamba mahubiri ya wapinga utumwa huzidisha madhara yake. Kwa macho ya leo pingamizi hilo lina woga ndani yake. Katika baraza lile lilikuwa jambo la hatari ambalo halikumpa kura hata moja, na ndilo lililouvunja ukimya wa waraka wake wa kwanza.

Aliyoyataka kijana hayakufa. Mwaka 1862, akiwa rais na vita vikiwaka, aliitia saini sheria ya kujenga reli ya kuvuka bara mpaka Pasifiki, na mwezi huohuo wa Julai aliitia saini sheria iliyoyapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi, ili mtoto wa mkulima apate elimu ambayo yeye mwenyewe aliikosa. Safari hii alikuwa na dola kubwa mkononi na uwezo uliolingana na ahadi.

Watu wa Sangamon hawakuwa wajinga walipomweka kando mwaka 1832, kwa sababu raia hana deni la kumpa kura mgeni asiyemjua, hata akiwa na kipaji gani. Wala hawakukosea walipomtuma mwaka 1834, baada ya kumwona akibeba barua zao na kupima mashamba yao kwa uaminifu. Walipokosea, yeye pamoja nao, ni mwaka 1837, pale wilaya zote zilipopewa kitu na hivyo hapakusalia wa kuuliza bei. Kwa hiyo anapokuja mgombea, awe wa udiwani, wa baraza la jimbo au wa Bunge, na atuambie kwamba ataleta barabara, maji na skuli, tumpe kiti kwa taadhima na tumuulize aliyoyajibu karani yule wa New Salem: hayo unayoyasema umeyaona wewe mwenyewe, au umeyasikia? Gharama yake ni kiasi gani, na itatoka wapi? Lipi hulijui? Ukigundua kwamba umekosea, utakuja kutuambia? Na akiisha kuchaguliwa tuendelee kuyauliza, mwaka wa kwanza na mwaka wa tano, kwa kuwa Lincoln mwenyewe, pamoja na unyofu wake wote, alipotea mara wapiga kura wake walipoacha kumuuliza.